Hukupaswa Kuomba Msamaha kwa Firigisi

Akinyi mwanangu,

Umetoka kwenda mjini kuwaaga rafiki zako, na baba yako yuko nyuma ya nyumba na mbao zake. Nimefunga kibanda mapema leo. Nimenawa mikono kwa sabuni na ndimu na bado inanuka samaki, kwa hiyo karatasi hii utaivumilia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yetu mimi na wewe. Kijaluo ulipewa na baba yako, Kimaragoli changu sikukupa cha kutosha, na hii iliyobaki katikati ndiyo tuliyogombana kwayo, ndiyo niliyokubembelezea ulipokuwa na homa.

Sitakwambia uvae sweta. Sitakwambia ule kabla ya kwenda kazini, wala upige simu kila Jumapili. Umeishi Uingereza miaka mitatu ukiwaosha wazee wa watu na kuwageuza kitandani, unajua kujitunza. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika. Nimekasirika tangu Krismasi, na kesho ukipanda ndege bila kuyasikia haya, nitabaki hapa ufuoni Dunga nikikaanga samaki na hasira mwaka mzima. Sehemu ya hasira hiyo ni yako. Ichukue uende nayo.

Na usidhani sikufurahi ulipokuja. Siku uliyofika nilikuwa kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Ulimwambia asante dereva, ukamwambia asante aliyekushushia sanduku, ukamwambia asante mbwa wa jirani aliposogea ukapita. Ulivua viatu mlangoni ukatembea na soksi kwenye sakafu yangu ya simenti, na jioni soksi zikawa nyeusi chini, ukazitazama kama zimekusaliti. Halafu Mama Atieno wa nyumba ya pili akaingia, akaketi, akajimiminia chai, ndipo akasema hodi. Ulinigeukia macho yamekutoka.

"Mama, huyu ameingia tu?"

"Ameingia tu. Kwani angeingiaje?"

Kesho yake ukamwuliza atakuja saa ngapi, ili uwe tayari. Mpaka leo Mama Atieno anawaambia watu wa ufuoni kwamba Akinyi wangu siku hizi anatoa miadi kama daktari wa meno. Tulicheka sana, na wewe ulicheka, na nilipokuona unacheka na jirani nikajua umefika kweli.

Nilikuuliza unataka kula nini. Nilijiandaa kusikia chipsi, si dagaa wa ziwani. Ulisema, "Omena, Mama. Ile ya kukauka mpaka ilie kwenye meno. Na ugali wa mtama na muhogo. Na mushenye." Mushenye! Viazi vitamu na maharagwe ya kupondwa, chakula cha kwa mama yangu Maragoli, ambacho sikujua kama ulikumbuka hata jina lake. Uliketi kwenye kigoda jikoni ukala kwa mkono, macho umefumba, na ukaniambia mambo ambayo hukuyasema kwenye simu. Kwamba Krismasi zote huko ulikuwa kazini. Kwamba mwaka jana bibi kizee mmoja alikushika mkono hakutaka kuuachia, hana mtoto wa kumtembelea, na ulipotoka kwake ukala viazi baridi umesimama karibu na sinki.

"Nikawa nawaza firigisi," ukaniambia. "Mtu mzima, Mama, nimevaa aproni ya kazi, nalia kwa sababu ya firigisi."

Hukuhitaji kunieleza. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwona baba yako, ulipokuwa mdogo, akiificha chini ya ugali wake, halafu anakuita uje umtolee mwiba wa samaki mkononi. Mwiba hakuna. Unafungua mdomo, firigisi inaingia, unaondoka ukitafuna huku umebana midomo. Mlidhani sioni. Kwetu Maragoli firigisi ni ya mwenye boma, na kwao baba yako ni hivyo hivyo, usije ukadhani ni desturi ya kabila moja tu. Lakini hapa Dunga, ndani ya vyumba vyetu viwili, mwenye boma alikuwa na binti yake.

Sasa nije Bondo, kwenye boma la ukoo wa baba yako.

Tulipofika kwa Baba Mkubwa asubuhi ya Krismasi, hukupewa hata nafasi ya kukaa. Wewe, uliyesafiri kutoka upande mwingine wa dunia. Ulipewa kanga na kisu. Ulikata nyama ya mbuzi, ukapara samaki wa mbuta, ukasukuma chapati mpaka nikakuona unakunja kiganja kwa maumivu. Binamu zako wa kiume walikaa chini ya turubai wakinywa soda na kuuliza kama umeleta simu. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza kazi yako ni ya namna gani. Niliona, nikajiambia leo ni sikukuu. Kulikuwa na jogoo mmoja wa kienyeji, wa meza ya wazee. Ulimpika wewe. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko la pili ninasonga ugali, nikakuona unachota firigisi na mwiko, unaipuliza, unaila. Ulifumba macho vilevile kama siku ile ya omena. Ningeweza kukuzuia. Sikutaka, na hata leo sijutii.

Chakula kikapelekwa. Baba Mkubwa akalisaka bakuli kwa kijiko, akalisaka tena, halafu akaita kwa sauti ile yake ya ofisini, ingawa alistaafu zamani na sasa anayaamrisha maua ya nyumba yake ya mjini, kule Milimani.

"Nyar Maragoli!"

Ndivyo anavyoniita, binti wa Maragoli. Tangu niolewe hajalitamka jina langu.

"Nyar Maragoli, huyu kuku alizaliwa bila firigisi?"

Watu wakacheka. Ukatoka mlangoni mwa jikoni unapangusa mikono kwenye kanga, unatabasamu, kama mtu anayezungumza na watu wake.

"Nimeila mimi, Baba Mkubwa. Nilikuwa na hamu nayo sana."

"Umeila wewe."

"Ndiyo. Ilikuwa tamu."

Akaweka kijiko chini. "Sasa naelewa," akasema. "Ndiyo maana yule mume wako alikurudisha."

Hakuna aliyecheka hapo. Hata waliozoea kumchekea walikosa pa kuuweka uso. Nilimtazama baba yako. Alikuwa amekaa kando ya kaka yake, ameshika mfupa usio na nyama hata kidogo, anautafuna. Aliendelea kuutafuna mpaka ukarudi jikoni.

Hukurudishwa, Akinyi. Nataka uisome sentensi hiyo kwa mwandiko wangu. Ulitoka mwenyewe, umebeba viatu mkononi, jicho moja limefunga. Na Baba Mkubwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana mara ya kwanza ulipotoka, ni yeye aliyekutia kwenye gari lake akakupeleka kwa yule mtu, akakwambia ndoa inataka uvumilivu. Nilipinga siku hiyo. Nikaambiwa mwanamke aliyeolewa hasemi wazee wanaposema. Mara ya pili hukupitia Milimani. Ulikuja moja kwa moja hapa kwangu, na hakuna aliyekuja kukuchukua, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama getini na kisu cha kupara samaki na kila anayepita alinisalimia kwa mbali.

Basi mtu anayejua yote hayo akafungua mdomo siku ya Krismasi, mbele ya watoto, juu ya firigisi.

Lakini si yeye ninayemwandikia. Ninakuandikia wewe, na hapa ndipo hasira yangu inapokufikia. Kesho yake asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba ninasugua masufuria kwa mchanga. Nikasikia sauti yako sebuleni.

"Pole, Baba Mkubwa. Nimekosa."

Na yeye: "Sema kwa sauti. Wengine hawajasikia."

Ukasema kwa sauti.

Sufuria niliyokuwa nayo mkononi niliisugua mpaka karibu niitoboe. Niliingia ndani, nikakukuta umesimama mbele yake umeinamisha kichwa kama mtoto wa shule, na baba yako amekaa kwenye kiti cha pembeni anatazama kalenda ya ukutani. Nilichukua mikoba yetu nikasema tunaondoka. Ukanifuata. Tulipofika nyumbani ukaniambia kwa sauti ya upole, ile unayoitumia nadhani kwa wagonjwa wako:

"Ni firigisi tu, Mama. Nimesema pole ili yaishe. Na labda mwaka ujao nisije, nisiwaletee matata."

Nikakaa kitandani. Siku hiyo ningekujibu vibaya, ndiyo maana nakujibu leo.

Nitakueleza ninachojua kuhusu kusema jambo ili yaishe. Krismasi yangu ya kwanza kwenye boma lile, nikiwa bibi harusi, nilipika mushenye. Niliamka kabla ya wote, nikaponda mpaka ikawa laini kama ilivyopondwa na mama yangu. Baba Mkubwa akachota kidogo kwa ncha ya kijiko, akawaonyesha watu, akauliza, "Hii imetafunwa na nani kabla ya kuletwa?" Wakacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka. Nilidhani nikicheka nao watachoka, nitakuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata akauliza tena. Na uliofuata. Ikawa ndiyo ngano ya Krismasi, watoto waliozaliwa baadaye wakawa wanaingoja. Mwishowe nikaacha kupika mushenye, na hata hapo hawakunyamaza, wakauliza mwaka huu meno yake yanamuuma? Hakuna mwaka niliocheka ukawa wa mwisho. Kilichoisha ni mushenye. Ulikua bila kuila, ila zile siku chache tulizokwenda kwa bibi yako, na ndizo ulizozikumbuka huko kwenye baridi.

Kwa hiyo unaponiambia umesema pole yaishe, najua hasa kitakachoisha. Kutaisha kuja kwako.

Ndiyo maana leo asubuhi nilivaa gauni langu la kanisani, nikapanda pikipiki nikaenda Milimani. Sikukwambia kweli, nilisema naenda sokoni. Baba Mkubwa alikuwa barazani na mkewe, wanakunywa chai. Akaniona nikipita kwenye yale maua.

"Karibu, Nyar Maragoli. Umetuletea samaki?"

"Leo sikuleta samaki. Nimekuja kusema."

"Keti basi."

"Nitasema nikiwa nimesimama."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yalinitoka yote yakabaki machache. Nikamwambia, "Mtoto wangu hakurudishwa. Alitoka. Aliyemrudisha kule akapigwa tena ni wewe, kwa gari lako. Lile neno ulilosema Krismasi, utakuja Dunga leo ulifute mbele yake kabla hajasafiri. La sivyo mimi mguu wangu hautaingia tena Bondo. Si kwa Krismasi, si kwa harusi, si kwa matanga."

Alinitazama kama mtu anayetazama kiti kinachoongea. Halafu akacheka.

"Nani amekutuma? Ndugu yangu?"

"Sikutumwa."

"Basi rudi ukamwambie akutume vizuri."

Nikageuka nikaondoka. Niliogopa, lazima nikwambie, usifikiri mama yako ni simba. Nilipofika langoni nikasikia kandambili nyuma yangu. Ni mkewe. Akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Akinyi, hata mimi ile firigisi sijawahi kuionja," akarudi mbio kabla hajaitwa. Mtu mwingine angeguswa. Mimi nilimkasirikia na yeye. Miaka yote hiyo katika nyumba ile kubwa, na ananong'ona kwenye lango lake mwenyewe!

Kabla sijafika Dunga, simu ilikuwa imeshafika kwa baba yako. Nilimkuta kibandani kwangu amesimama, randa bado iko mkononi, vumbi la mbao kichwani.

"Umenivunjia heshima," akasema.

"Ya mtoto ilipovunjwa ulikuwa wapi? Ulikuwa unatafuna mfupa."

"Wewe hujui. Yule ni kaka yangu. Baba alipokufa ni yeye aliyenibeba. Alinipeleka shule kwa baiskeli yake mpaka nikajua kusoma. Ningemwambia nini mbele ya watu?"

"Ungemwambia huyu ni mtoto wangu."

Akatazama mkono wake. Unamjua, anautazama kama kuna kazi ndani yake. Wateja walikuwa wanangoja, mafuta yanachemka, Mama Atieno amejisogeza karibu anajifanya anachagua samaki wa ngege. Nami sikumsaidia. Nimemsaidia miaka mingi. Huwa naingiza neno lingine, nauliza kama amekula, jambo linapita. Leo nilikaa kimya mpaka samaki wawili wakaungua.

Akaweka randa chini kwenye meza yangu ya samaki. Akatoa simu, akampigia kaka yake, palepale, watu wakisikia. Alisema kwa Kijaluo, nakuwekea kwa Kiswahili. "Ndugu yangu, nimesikia alichokwambia mama wa mtoto. Na mimi nasema hivyohivyo. Akinyi ni mtoto wangu. Usimwite tena aliyerudishwa."

Halafu akasikiliza. Sauti ya Baba Mkubwa ilikuwa inatoka kwenye ile simu kama redio. Aliitwa mtu asiye na shukrani. Alikumbushwa baiskeli. Aliambiwa kwamba mkewe ndiye anayemvalisha suruali, na kwamba kama ni hivyo, kwenye boma la Bondo asionekane, maombi ya mwaka mpya yatafanywa bila yeye. Baba yako alikuwa analia, Akinyi, lakini hakukata simu. Akangoja mpaka mwisho.

"Nimesikia," akasema. "Basi hatutakuja."

Aliniomba nisikwambie. Alisema, "Akijua, ataona ni yeye ameleta haya yote, na hatarudi tena." Nikamwambia sawa. Sasa nimekwambia. Nimeamua kwamba siri za kukutunza zimetosha, maana kila mara tunapokutunza kwa kunyamaza, wewe ndiye unayebaki umesimama mbele ya watu peke yako.

Kwa hiyo sikiliza. Si wewe uliyevunja kitu. Uliona njaa ukaila firigisi, ukaulizwa ukasema kweli. Huko kazini mwambie pole yule bibi kizee ukimgusa kwa mikono baridi, hiyo ni pole ya haki. Ukimkanyaga mtu, pole. Lakini mtu akikutukana kwa sababu ulikuwa na hamu ya chakula cha kwenu, usimpe hiyo pole, hata akiwa mzee, hata chumba kizima kikikutazama. Na ukiishiwa na la kusema, nyamaza uondoke. Unajua njia ya kuja hapa, uliijua usiku ule na jicho moja.

Sijui kama mambo na Milimani yatatengenea. Baba yako ataumia. Kaka yake anazeeka, na siku moja kutakuwa na matanga, na mimi nimeshasema nilivyosema. Huenda nitalazimika kulila neno langu, huenda sitalila. Hilo ni langu. Lisiwe kwenye sanduku lako.

Hapo nyuma ya nyumba nasikia randa. Nilikwenda kuchungulia nikafikiri ni mashua ile ya mteja wa Asembo, ambayo ilikuwa iishe wiki hii. Si mashua. Amezichukua zile mbao ndefu, nzuri, anatengeneza meza. Nikamwuliza ya nini. Akasema, bila kunitazama, "Mwaka ujao watu watakula wapi? Kwenye vigoda?"

"Na mwenye mbao atasema nini?"

"Atangoja."

Tangu nimjue sijamsikia baba yako akimngojesha mtu.

Bado nimemkasirikia. Nimempelekea chai, lakini sukari sikutia.

Mama yako